Ua la Shaba na Jina Lake
Wanafunzi wenzangu, mvua zikikaribia kwisha, simu zetu hujaa picha za maua. Tunajua kuamka mapema, kupiga magoti na kungoja upepo utulie. Vizuri. Lakini tutazame ua la shaba la Katanga, Haumaniastrum katangense. Humea penye udongo wa shaba. Watafuta madini walilifuata, na wanaakiolojia pia, wakitafuta mahali wazee walipoyeyushia shaba. Leo vilima vyake vinachimbwa. Picha nzuri isiyo na jina, mahali wala tarehe haitamwambia mjukuu kitu. Sisi watu wa lugha tuna deni: tuwaulize wazee wanaliitaje, tuandike neno lao chini ya picha, kabla kilima na neno havijatoweka pamoja.