Kodi Inapangwa Kwanza, Hesabu Inafuata

*TAARIFA KWA WANACHAMA WA TAWI – KIPAWA*



Wengi mmetuuliza kwa nini tawi limeitisha kikao cha kodi wakati hotuba ya bajeti bado haijasomwa. Tumeitisha kwa sababu hiyohiyo. Hotuba husomwa katikati ya Juni, na tarehe 1 Julai mwaka mpya wa fedha unaanza. Hapo katikati ni wiki mbili na siku chache. Ndani ya siku hizo Kamati ya Bunge ya Bajeti inasikiliza wadau kule Dodoma, Muswada wa Sheria ya Fedha unajadiliwa na unapitishwa. Wenye viwanda na mabenki wana watu wanaolipwa kusoma muswada usiku na kupanda basi asubuhi. Mama lishe wa Kipawa anasikia redioni, kama redio ina betri.

Tukumbushane yaliyopita. Mwaka 2013 Bunge lilipitisha kodi ya laini ya simu, Sh 1,000 kila mwezi kwa kila laini, awe nayo mfanyabiashara au bibi anayepokea simu tu. Watu wakapiga kelele, na kabla mwaka haujaisha ikaondolewa. Ungedhani somo limeeleweka.

Mwaka 2021 zikaja tozo za miamala ya simu. Zilianza kukatwa tarehe 15 Julai, kuanzia Sh 10 hadi Sh 10,000 kwa muamala, unapotuma na unapotoa. Yaani hela moja inakatwa kwa mtumaji, kisha inakatwa tena kwa mpokeaji, juu ya ada ya kampuni ya simu. Na hela yenyewe, kama ni mshahara, ilishakatwa kodi kabla haijafika mfukoni. Siku chache tu baadaye Rais akaagiza suala liangaliwe upya. Septemba 7 tozo zikapunguzwa asilimia 30. Julai 2022 kiwango cha juu kikashuka kutoka Sh 7,000 hadi Sh 4,000, lakini papo hapo tozo ikapanuliwa hadi kwenye mabenki. Kelele tena, na Septemba mwaka huohuo Serikali ikatangaza kupunguza na kufuta baadhi. Bajeti ya 2023 ikaondoa tozo ya kutuma.

Hesabuni wenyewe ni mara ngapi kodi moja imebadilishwa ndani ya miaka miwili. Sisi tunaoshika daftari la tawi, mtunza hazina akituletea makisio yanayobadilika hivyo tunamrudisha akakae chini upya. Karibu kila badiliko lilikuwa la nafuu, na tunashukuru. Lakini linaonyesha kwamba hesabu ya nani ataumia na nani ataacha kutuma ilifanyika baada ya watu kuumia. Mwanachama wetu mmoja mwenye kibanda cha uwakala aliona wateja wanapungua wiki ya kwanza tu. Watu walirudi kumpa konda wa basi bahasha apeleke nyumbani. Mtu yeyote wa mtaani angewaambia hilo mwezi Mei, bure.

Kuna jambo ambalo wengi hawalijui na ndilo linalotukera zaidi. Bunge lilipitisha sheria, lakini jedwali la viwango, kwamba ukituma kiasi hiki unakatwa kiasi hiki, lilitoka kwenye kanuni za Waziri. Kwa hiyo ukimuuliza mbunge atakuambia viwango vimetoka wizarani, na ukiuliza wizarani utaambiwa sheria imepitishwa na Bunge. Mlipaji anabaki kati kama mpira wa kona.

Hatupingi kodi. Serikali ilisema fedha za tozo zinajenga madarasa na vituo vya afya, na madarasa yalijengwa. Shida yetu ni namna ya kuamua.

Angalieni kodi ya jengo kupitia LUKU. Ilianza Agosti 2021 kwa Sh 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, na tangu Julai 2023 ni Sh 1,500, yaani Sh 18,000 kwa mwaka. Kukusanya kwa mita ni rahisi, tunakubali. Kisheria ni kodi ya mwenye jengo, lakini anayenunua umeme hapa kwetu mara nyingi ni mpangaji. Tuliambiwa wapangaji wamalizane na wenye nyumba. Aliyetoa ushauri huo hajawahi kupanga Kipawa, ambako unalipa miezi sita mbele na hata bomba likivuja unaogopa kumpigia simu mwenye nyumba.

Na tuseme kweli, wa chama chetu nao wamo. Wakati wa kampeni wagombea wetu husimama jukwaani wakaahidi kufuta hiki na kile bila kusema pengo litazibwa na nini. Huko nako ni kupanga kwanza na kuhesabu baadaye. Tumewaandikia viongozi wa kata kwamba tawi halitapiga makofi tena kwa ahadi isiyo na hesabu.

Tunachokusudia ni kuandika maoni yetu na kuyapeleka kwa Kamati ya Bajeti, nakala kwa mbunge wa jimbo letu la Segerea, kabla hotuba haijasomwa. Tutaomba viwango vya tozo yoyote viandikwe ndani ya sheria yenyewe, wabunge wavipigie kura wakivijua. Tutaomba pia mpangaji awe na njia ya kudai Sh 1,500 yake bila kufukuzwa chumba. Mbunge tutamwomba aje kutusikiliza Mei, asisubiri Julai kuja kutueleza.

Wapo wanaosema tawi dogo halisikilizwi Dodoma. Huenda. Ila mwaka 2013 na 2021 waliopiga kelele nao walikuwa watu wa kawaida, walichelewa tu.

Kikao ni Jumapili saa kumi jioni, mahali petu pa siku zote. Njoo na ujumbe wa LUKU wa miezi mitatu iliyopita kwenye simu yako, usiufute. Mawakala waje na madaftari yao. Wapangaji msiogope, majina hayataandikwa.

*Katibu wa Tawi*
Kwa niaba ya viongozi wa tawi