Majina ya Mahali Tusiyaache Yapotee

Mwaka 1858 Mwingereza aitwaye Speke aliondoka Kaze, karibu na mji wa Tabora wa leo, akaelekea kaskazini kupitia Unyamwezi na Usukuma hata akalifikia ziwa kubwa. Wenyeji waliliita Nyanza, na maana ya neno hilo ni ziwa. Yeye akaliita Victoria, jina la malkia wake ambaye hakupata kulitia machoni.

Wajerumani nao hawakubaki nyuma. Lushoto waliiita Wilhelmstal, Kasanga wakaiita Bismarckburg, na kilele cha Kibo wakakipa jina la Kaizari wao. Tulipojitawala mwaka 1961, kilele hicho tulikiita Uhuru.

Jambo hili halikutupata sisi peke yetu. Ndugu zetu wa China, waliotusaidia kujenga reli ya TAZARA, waliona mji wao wa Guangzhou ukiitwa Canton na mji wao mkuu ukiitwa Peking. Mwaka 1979 serikali yao ilianza kuyaandika majina hayo kwa tahajia yao wenyewe katika machapisho ya lugha za kigeni. Leo wengi ulimwenguni husema Beijing, yaani mji mkuu wa kaskazini.

Majina yetu nayo yana maana. Unyamwezi, kwa maelezo yanayojulikana zaidi, ni jina lililotoka kwa watu wa pwani: waliwaita hivyo watu wa magharibi, upande ambao mwezi huandama. Urambo unamkumbusha kila apitaye Mtemi Mirambo, aliyefariki mwaka 1884.

Mwaka 2022 Serikali iliendesha Operesheni ya Anwani za Makazi, na vibao vikasimamishwa mijini na vijijini. Kazi hiyo tunaisifu. Lakini kibao huonyesha jina tu. Maana yake imo vifuani mwa wazee, na wazee hawatudumu.

Kwa hiyo twawaomba viongozi wa vijiji na walimu wa Nzega, na wa wilaya zote, wafungue daftari moja kila kijiji. Waandike jina kama linavyotamkwa na wenyewe, maana yake, na mzee aliyeieleza. Kazi hii haihitaji fedha za kigeni. Yahitaji kalamu na adabu ya kusikiliza.

Wahenga walisema: mwacha asili ni mtumwa. Tulikwisha kuukataa utumwa. Tusiurudie kwa uvivu.