Tasnifu isiyo na faharasa haizuii hataza

Katika maandishi yote ambayo nimewahi kuyachambua kama mwanaisimu, sijaona mahali ambapo neno dogo hubebeshwa mzigo mkubwa kama katika madai ya hataza. Hataza, kwa msomaji ambaye hajakutana na neno hili, ni haki ya pekee ambayo dola humpa mvumbuzi kwa muda, aghalabu miaka 20 tangu siku ya kuwasilisha ombi, ili asitokee mwingine kuutengeneza au kuuuza uvumbuzi wake bila idhini. Wengi hudhani kwamba kinacholindwa ni michoro na maelezo marefu yanayojaza ombi. La hasha! Mpaka wa shamba huchorwa na madai yanayoorodheshwa kwa nambari mwishoni, na katika desturi ya Marekani kila dai sharti liwe sentensi moja, hata ikijaza ukurasa mzima.

Hebu tuchukue mfano wa maombi yanayohusu malango ya usalama katika mitandao ya wavu isiyotumia waya. Mtandao wa wavu ni ule ambao vifaa vyake hupokezana ujumbe kwa redio, jirani kwa jirani, pasipo kutegemea mnara mmoja mkuu. Lango ni kifaa kinachouunganisha wavu huo na mtandao mwingine, na lango la usalama hukagua kinachoingia na kinachotoka. Sasa tuseme mwombaji ameandika dai hili, ambalo nimelitunga mwenyewe kwa ajili ya mfano: "Mfumo wenye vifaa kadhaa vinavyopelekeana ujumbe kwa redio, na lango linalokagua ujumbe huo kabla ya kuupitisha kwenye mtandao mwingine."

Mwanafunzi wa sarufi na alitazame neno "wenye". Kwa mazoea ya wanasheria wa hataza, kitenzi cha Kiingereza kinachokaa mahali pa neno hilo huacha mlango wazi: ukiongeza kwenye mfumo wako vitu kumi ambavyo mwombaji hakuviota, bado umo ndani ya uzio wake. Laiti angeandika "wenye vitu hivi tu", uzio ungepungua. Lakini upana huo unamkata pia mwenyewe. Ofisi ya Hataza ya Marekani, wakati wa ukaguzi, husoma madai kwa maana pana kabisa inayokubalika kwa akili ya mjuzi wa fani. Dai lililo pana kiasi cha kumeza vitu vya zamani linaweza kuangushwa na vitu hivyo hivyo vya zamani.

Navyo vipo tele. Mnamo Agosti 27, 1976, wataalamu wa taasisi ya utafiti ya SRI huko California waliegesha gari lao nje ya baa iitwayo Rossotti's, wakaweka mashine ya kuchapia juu ya meza, kisha wakatuma ujumbe kwa redio ukapita kwenye lango na kuingia ARPANET, mtandao wa Wizara ya Ulinzi ya Marekani uliotangulia intaneti. Mwaka wa 1988 Radia Perlman aliwasilisha tasnifu ya uzamifu katika chuo cha MIT, akionyesha jinsi mtandao unavyoweza kuendelea kufikisha ujumbe hata baadhi ya vifaa vyake vikiwa vinasema uongo. Mwaka wa 1994 Cheswick na Bellovin walichapisha kitabu kizima kuhusu kuta za ulinzi kwenye malango ya intaneti. Ili kuangusha dai kwa hoja kwamba si jipya, hati moja sharti iwe na kila kipengele cha dai hilo. Zikihitajika mbili au tatu, lazima ionekane kwamba kuziunganisha lingekuwa jambo la wazi kwa fundi wa kawaida wa fani hiyo.

Wapo watakaoniuliza, yatuhusu nini haya? Hataza ya Marekani haina nguvu Nairobi. Ni kweli, hataza haivuki mpaka wa nchi iliyoitoa. Lakini vifaa na programu huvuka, na ada anayotozwa mtengenezaji kule huja imejificha ndani ya bei tunayolipa huku. Wanakijiji wa Mankosi, katika jimbo la Eastern Cape nchini Afrika Kusini, walijijengea mtandao wa wavu uitwao Zenzeleni wakishirikiana na Chuo Kikuu cha Western Cape. Hapa kwetu, vijana wa Tunapanda wameunganisha shule na vituo vya Kibera kwa mtandao wa jamii. Watu wa aina hii huishi kwa maarifa ambayo hayana mwenyewe. Sina ugomvi na mvumbuzi wa kweli. Ugomvi wangu ni na yule anayezungushia ua kisima cha kijiji.

Tangu Septemba 16, 2012, sheria ya Marekani humruhusu mtu yeyote, wa nchi yoyote, kumpelekea mkaguzi hati zilizochapishwa zinazohusu ombi ambalo bado linachunguzwa, mradi awahi muda uliowekwa. Anayewasilisha kwa mara ya kwanza, na hati zake zisizidi tatu, hatozwi ada. Kila hati huambatana na maelezo mafupi, na maelezo hayo hayaruhusiwi kuwa mabishano: unaonyesha tu ukurasa upi unasema nini, na unagusa kipengele kipi cha dai. Mwalimu yeyote wa ufahamu na ufupisho atautambua mtihani huu mara moja, kwani ndio anaousahihisha kila muhula.

Ila hati yenyewe sharti iwe ilifikika kwa umma kabla ya tarehe inayotambuliwa na sheria. Hapo ndipo linapoanza suala letu la vyuo vikuu. Katika kesi ya Hall, iliyoamuliwa mwaka wa 1986, mahakama ya rufani ya Marekani ilikubali kwamba tasnifu moja tu, ya Kijerumani, iliyokaa katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Freiburg, ilitosha kuzuia hataza, kwa sababu ilikuwa imeingizwa katika faharasa ya maktaba hiyo. Miaka mitatu baadaye, katika kesi ya Cronyn, mahakama hiyo hiyo ilikataa kuzihesabu tasnifu tatu za wanafunzi wa shahada ya kwanza wa chuo cha Reed, jimboni Oregon. Tasnifu zilikuwepo, na yeyote angeruhusiwa kuzisoma. Lakini kadi zake zilipangwa kwa majina ya wanafunzi wala si kwa mada, na zile za idara zilitunzwa ndani ya sanduku la viatu. Mali bila daftari hupotea bila habari, walisema wahenga, nao hawakuwa wamesikia habari za Oregon.

Nami najua maktaba ya chuo, si mbali na hapa, ambamo miradi ya wanafunzi wa uhandisi na kompyuta hufungwa kwa kamba na kurundikwa chini ya ngazi mwaka hadi mwaka. Hazina ya kielektroniki ipo, lakini kazi kadhaa zimo bila tarehe, na mada ya nyingine imeandikwa "mradi" basi. Ikiwa mmoja wa wanafunzi hao alibuni lango la usalama la mtandao wa wavu, hakuna mkaguzi atakayelifikia, na hakuna atakayeweza kumpelekea.

Kazi yenyewe si ya fedha nyingi. Kila idara ingeweza, kuanzia muhula ujao, kumtaka mwanafunzi aandike ikisiri inayotaja vipengele vya kazi yake kimoja kimoja, na kumtaka mkutubi aisajili kwa mada, pamoja na siku, mwezi na mwaka ilipowekwa wazi kwa umma. Wala asitishwe anayetaka kuiandika kwa Kiswahili. Hati ya lugha yoyote hupokelewa kule Marekani ikiambatana na tafsiri ya Kiingereza. Kazi ya kutafsiri ikitokea, idara za isimu zina watu.