Zana ikinyamaza, wakala aelewe nini?

Grep ni zana kongwe ya kutafuta maneno ndani ya mafaili. Ilianza katika mfumo wa Unix mwaka 1973 na hadi leo inatumika kila siku. Ukiitafutia neno lisilokuwemo, haisemi kitu; inanyamaza, ingawa kila inapomaliza huacha namba: 0 ikiwa imepata, 1 ikiwa haikupata, 2 ikiwa kumetokea hitilafu. Mwandaaji programu mzoefu akikutana na kimya hicho hushtuka, akajiuliza kama amekosea herufi au yumo kwenye folda isiyo yenyewe. Wakala wa akili mnemba, yaani programu inayokabidhiwa kazi na kuitekeleza yenyewe hatua kwa hatua, anaweza kuuchukua ukimya uleule kama jibu kamili kwamba kipande cha msimbo alichokitafuta hakitumiki popote. Baada ya hapo anakifuta. Na msimbo anaoushika huenda ni ule unaotuma pesa za watu kwa simu au kutunza kumbukumbu za wagonjwa.

Kwa sababu hiyo, maelezo ya zana za kupekulia msimbo yanayoandikwa kwa ajili ya mawakala ni sehemu ya zana yenyewe, na yastahili uangalifu uleule unaopewa msimbo wake. Binadamu hujifunza zana kwa kuchungulia anavyofanya jirani yake, kwa kukosea na kukumbuka. Wakala anaanza kila kazi akiwa mgeni. Katika utaratibu wa Model Context Protocol, uliotangazwa na Anthropic Novemba 2024, zana hujitambulisha kwake kwa jina, maelezo na orodha ya vitu inavyotaka kupewa. Ikiwa zana ni mpya kwake, mistari hiyo michache ndiyo mwongozo wake wote.

Ushahidi kwamba mambo haya madogo yana uzito upo. Mwaka 2024 watafiti wa Chuo Kikuu cha Princeton waliujaribu mfumo wao, SWE-agent, kwa matatizo 300 yaliyotoka katika programu halisi za Python. Wakala alipofunguliwa dirisha la mistari 100 ya faili kwa mara moja, alitatua asilimia 18.0. Alipoonyeshwa faili zima, alishuka hadi asilimia 12.7. Matokeo ya utafutaji yanatisha zaidi: alipopewa zana inayomletea majibu moja baada ya jingine, alipata asilimia 12.0, chini ya zile 15.7 alizopata bila zana yoyote maalumu ya kutafuta, kwani aliyafuata majibu hayo moja moja hadi mwisho. Zana iliyofanya vizuri ilimletea muhtasari, na majibu yakizidi 50 ilimtaka atafute kwa umakini zaidi. Tena amri ikimalizika bila kutoa kitu, mfumo ulimwambia waziwazi kwamba imefanya kazi salama ila haina cha kuonyesha. Ni kweli kwamba utafiti huo ulipima umbo la zana, haukupima maelezo peke yake. Lakini sentensi ile moja, inayoueleza ukimya, ni maelezo ya matumizi yaliyowekwa pale hasa yanapohitajika.

Wapo wanaosema mawakala wanazidi kuwa werevu, watajijulia. Werevu utawasaidia kwa mengi, ila haumwambii mtu jambo lisiloonekana. Chukua zana ya ctags, ambayo kazi yake hasa ni kuonyesha mahali kitu kilipofafanuliwa, kwa kusoma faharasa iliyotengenezwa kabla. Ikiwa msimbo umebadilishwa tangu hapo, faharasa inabaki na habari za jana. Na anayetaka kujua ni sehemu gani za msimbo zinazokiita kitu hicho atafaidika zaidi na zana nyingine, cscope. Wakala anaweza kuyahakiki haya yote, lakini atahakiki tu akiwa na sababu ya kushuku. Sababu hiyo anapaswa kuipata kwenye maelezo.

Pingamizi lenye nguvu zaidi ni la nafasi. Kila neno la maelezo linachukua sehemu ya kumbukumbu ambayo wakala angeitumia kusoma msimbo, na hilo siwezi kulikana. Basi zianze kukatwa sifa za zana, kasi yake na historia yake, yabaki yale yanayomzuia kupotea: zana inatafuta wapi, haitafuti wapi, jibu tupu lina maana gani, na majibu yakikatwa atajuaje. Mistari mitano inaweza kutosha. Anayeibadilisha zana aibadilishe na mistari hiyo siku hiyohiyo, maana wakala huyaamini maelezo yaliyopitwa na wakati sawasawa na yaliyo sahihi. Kisha ampe wakala jina la kitu ambacho hakimo kabisa katika msimbo, amwagize akitafute, na asome kwa makini anachoandika baada ya zana kunyamaza.