Embe halileti malaria

Maembe yanapojaa sokoni Moshi, miezi ya Novemba hadi Februari, yanakuja pamoja na onyo la zamani: "Usimpe mtoto embe, atapata homa." Onyo hili utalisikia Mbuyuni, utalisikia kwenye gari la Marangu, hata kwa watu waliosoma. Naona wakati umefika wa kuliacha. Linamnyima mtoto chakula kizuri na, baya zaidi, linamchelewesha kufika zahanati.

Ni kweli maembe na homa hufuatana. Mvua za vuli zinajaza madimbwi na mbu wanazaliana wakati ule ule maembe yanapoiva. Huko tambarare, pande za Mabogini na Chekereni, kuna pia mashamba ya mpunga, na maji yake yaliyotulia ni makazi ya mbu. Mtoto wa Kibosho anateremka huko likizo ya Desemba kwa shangazi yake. Mchana anakula maembe, usiku analala bila chandarua. Malaria haianzi siku ile ile mtoto anapoumwa na mbu. Huchukua kama wiki moja au mbili, wakati mwingine zaidi. Kwa hiyo anaugua akiwa amesharudi mlimani kwenye baridi, ambako mbu ni wachache. Nani atamkumbuka mbu? Linalokumbukwa ni embe.

Tena ni huko India, ambako watu wamekula maembe kwa maelfu ya miaka, daktari Ronald Ross alikoviona vijidudu vya malaria tumboni mwa mbu, mwaka 1897.

Embe lina makosa yake, lakini ni madogo. Mwembe ni ndugu wa mkorosho, na utomvu wake huwasha. Mtoto anayemenya embe kwa meno hupata vipele kuzunguka mdomo, nasi twasema homa imemtokea mdomoni. Na embe lililookotwa chini na kufutwa kwenye shati laweza kuleta kuhara. Lioshe kwa maji safi, limenye kwa kisu. Likiwa bivu na la manjano humpatia mtoto vitamini A, ambayo hulinda macho na kumpa nguvu ya kupambana na surua. Hata hivyo, msiache kumpeleka mtoto kupata matone ya vitamini A kliniki kwa sababu amekula maembe.

Mtoto akipata homa, apelekwe kupimwa damu siku hiyo hiyo. Akikutwa na malaria apewe dawa ya mseto, na amalize dozi hata kama ameanza kucheza. Kipimo kikionyesha hana malaria, msimlazimishe mganga atoe dawa ya malaria. Mwacheni atafute sababu nyingine. Mwelezeni pia mtoto alilala wapi wiki zilizopita. Habari hiyo ina faida kuliko kueleza alikula nini. Mwenye degedege, anayetapika kila kitu au asiyeweza kunyonya asingojeshwe hadi asubuhi.