Michezo ya Video na Kamari Iliyojificha Ndani Yake

Ndugu wasomaji, katika zama hizi ni burudani chache zilizoenea miongoni mwa vijana wetu kwa kasi kama michezo ya video, ambayo wao wenyewe huiita magemu. Zamani ilihitaji kompyuta au mashine ya kuunganishwa na televisheni, navyo vilikuwa vitu vya wenye uwezo. Leo simu ya mkononi inatosha. Katika miji yetu, tangu Dar es Salaam na Zanzibar hadi Mombasa na Nairobi, vibanda vya PlayStation vimekuwa sehemu ya mtaa kama vilivyo vibanda vya vinyozi, na mtoto asiye na mashine nyumbani hulipa fedha kidogo akacheza mechi yake. Mpira wa miguu ndio unaopendwa zaidi: kuna EA Sports FC, ambao hadi mwaka 2023 ulijulikana kwa jina la FIFA, na kuna eFootball wa kampuni ya Konami ya Japani. Wapendao kujenga wana Minecraft, na wapendao mapambano wana Free Fire na Fortnite.

Juu ya jambo hili jamii yetu imegawanyika makundi mawili. Kundi moja husema kwamba yote ni upuuzi na haramu, na kwamba dawa yake ni kuvunja simu. Kundi la pili husema: mwacheni mtoto acheze, maadamu yumo ndani na hazururi. Kwa maoni yetu, makundi yote mawili yanafanana katika jambo moja, nalo ni kwamba hayajakaa karibu na mtoto yakatazama anacheza nini, na hasa analipia nini. Makusudio ya makala hii ni kueleza tofauti iliyopo kati ya mchezo na kamari, kwani siku hizi viwili hivyo vimetiwa katika chombo kimoja, na asiyejua kuvipambanua atakataza cha halali au atanyamazia cha haramu.

Tuanze na mchezo wenyewe. Dini yetu haikuja kuondoa furaha katika nyumba. Yajulikana katika Hadithi kwamba Bibi Aisha r.a. alikuwa na wanasesere wake wa kuchezea, na Mtukufu Mtume s.a.w. hakumkataza. Aidha, siku ya Idi Wahabeshi walicheza kwa mikuki yao ndani ya msikiti wa Madina, naye Mtume s.a.w. akamsimamia Bibi Aisha ili atazame mpaka aridhike. Kadhalika wazee wetu wa mwambao wamecheza bao barazani baada ya alasiri kwa vizazi vingi, wakinoa akili kwa hesabu ya kete, na hakuna aliyewaita wapotovu kwa kucheza tu.

Basi katika magemu nako mna mambo ya manufaa. Minecraft, ambao hadi mwaka 2023 ulikuwa umeuzwa nakala zaidi ya milioni 300, humpa mtoto vipande vya mawe, miti na udongo ajenge nyumba, daraja au mji mzima kwa fikra zake. Mchezo wa mpira humfundisha kijana kupanga kikosi na kusoma mbinu za mpinzani. Anayecheza hayo kwa kiasi, sala zake zikiwa mahali pake na masomo yake hayajaharibika, hatuoni sababu ya kumtia hatiani.

Lakini hapana budi tuelewe lililobadilika, nalo limo katika biashara. Fundi aliyechonga bao alilipwa siku aliyoliuza, na tangu siku hiyo hakupata hata senti moja kwa kuwa wazee wamecheza hadi magharibi. Hakuwa na faida yoyote katika kuwazuia wasiinuke. Hata magemu ya awali yaliuzwa hivyo hivyo: mtu alinunua diski mara moja, akaenda nayo nyumbani. Leo michezo mingi ya simu hutolewa bure. Free Fire, uliotolewa mwaka 2017 na kampuni ya Garena ya Singapore, haudai chochote kwa anayeingia, wala eFootball haudai. Sasa yafaa tujiulize: kampuni inayogawa kazi yake bure, hupata wapi mapato ya kuwalipa wafanyakazi wake? Jibu ni kwamba hupata kwa yule aliye ndani tayari, na kadiri akaavyo ndani ndivyo apatwavyo na vishawishi vya kutoa fedha.

Tuchukue mfano wa mchezo wa mpira wa kampuni ya EA. Ndani yake kuna sehemu iitwayo Ultimate Team, iliyoanza mwaka 2009, ambamo kijana hujenga kikosi kwa kadi za wachezaji mashuhuri. Anaweza kuzipata kwa kucheza muda mrefu sana. Lakini pia huuziwa pakiti zilizofungwa, ambazo kabla ya kuzilipia hajui zina nani ndani. Anamtaka mshambuliaji mmoja maarufu. Analipa, pakiti inafunguka kwa taa na shangwe, anatoka mchezaji asiyemhitaji. Anajaribu tena. Katika mwaka wake wa fedha ulioishia Machi 2021, kampuni hiyo ilipata dola za Kimarekani bilioni 1.62 kutoka sehemu za Ultimate Team katika michezo yake mbalimbali, yaani zaidi ya robo ya mapato yake yote. Na la kushangaza zaidi ni kwamba toleo jipya likitoka mwaka unaofuata, kijana huanza upya bila kikosi chake. Alichokinunua kinabaki katika mchezo wa zamani, ambao wenziwe wamekwisha kuuhama.

Je, hii ni biashara au ni kamari? Swali hili wamejiuliza hata watu wasiokuwa Waislamu, tena kwa uzito. Mwaka 2018 Tume ya Michezo ya Kubahatisha ya Ubelgiji iliamua kwamba pakiti za namna hiyo, zikiwemo zile za FIFA 18, ni kamari chini ya sheria za nchi hiyo, na mwanzoni mwa mwaka 2019 EA ikaacha kuuza sarafu zake za mchezo huo huko Ubelgiji. Nchini Australia, tangu Septemba 2024, magemu mapya yenye pakiti za kubahatisha zinazouzwa kwa fedha hupewa alama isiyo chini ya ile inayosema kuwa hayapendekezwi kwa watoto walio chini ya miaka 15. Huko Marekani, mwezi Januari 2025, wenye mchezo wa Genshin Impact walikubali kulipa dola milioni 20 baada ya kushtakiwa na tume inayosimamia haki za walaji, pamoja na sharti la kutowauzia pakiti hizo watoto walio chini ya miaka 16 bila idhini ya wazazi.

Haki yatutaka tutaje na upande wa pili. Mwaka 2022 mahakama ya juu ya utawala ya Uholanzi ilifuta faini ya euro milioni 10 waliyotozwa EA, ikisema kwamba pakiti hizo ni sehemu ya mchezo mkubwa wa ustadi na si mchezo wa bahati uliosimama peke yake. Mwaka huo huo serikali ya Uingereza iliamua kutobadili sheria yake ya kamari kwa ajili ya pakiti hizi. Watetezi wake husema pia kwamba mnunuzi hakosi kabisa, kwani kila pakiti ina kitu ndani.

Hoja hizo zinaweza kumtosha mwanasheria wa nchi hizo. Sisi Waislamu tuna kipimo chetu. Katika Sura Al-Maida kamari imetajwa pamoja na ulevi, na sababu imeelezwa wazi: kwa hivyo viwili shetani hutia uadui baina ya watu na kuwazuilia kumkumbuka Mungu na kusali. Aidha, Mtukufu Mtume s.a.w. alikataza uuzaji wa kitu kisichojulikana, na wanazuoni wakatoa mfano wa samaki aliye bado majini na ndege aliye angani. Pakiti iliyofungwa ina tofauti gani na samaki huyo? Aliyelipa hakununua mchezaji, alinunua tamaa ya kumpata. Kupewa kitu asichokitaka hakuondoi ukweli kwamba fedha zake ziliwekwa juu ya bahati. Kwa hiyo maoni yetu ni kwamba Mwislamu aepukane na kununua pakiti hizi, awe mtoto au mtu mzima, hata kama mchezo wenyewe anaucheza.

Tukumbuke pia kwamba sheria za Tanzania na Kenya hazimruhusu aliye chini ya umri wa miaka 18 kucheza kamari. Mwenye duka la kubeti anatakiwa kumfukuza mtoto mlangoni. Lakini mtoto huyo huyo hurudi nyumbani, akashika simu ya baba yake, na humo akajifunza ladha ile ile: kulipa, kungoja kwa moyo wa kudunda, kukosa, na kulipa tena. Atakapotimiza miaka 18, duka la kubeti litampokea mwanafunzi aliyekwisha kufuzu.

Wala tusitupe lawama zote kwa makampuni ya mbali, kwani kuna kamari nyingine iliyo karibu zaidi, katika vibanda vyetu wenyewe. Vijana wengi wamezoea kanuni isemayo kwamba anayefungwa ndiye alipaye fedha ya mchezo kwa wote wawili. Wengine huongeza na dau la pembeni. Huonekana jambo dogo, la soda au la shilingi chache. Hata hivyo, kila mmoja ameweka mali yake kwa sharti kwamba mmoja atapata na mwingine atapoteza, na huo ndio msingi wa kamari. Hata ugomvi unaozuka vibandani mara kwa mara huanzia hapo.

Jambo jingine ni wakati. Shirika la Afya Duniani liliingiza maradhi ya uraibu wa magemu katika orodha yake ya magonjwa, iliyopitishwa mwaka 2019 na kuanza kutumika tarehe 1 Januari 2022. Dalili zake ni mtu kushindwa kujizuia, kuutanguliza mchezo mbele ya mambo mengine yote, na kuendelea nao ijapokuwa anaona madhara, hali hiyo ikidumu kwa kawaida miezi 12 au zaidi. Shirika hilo husema kwamba wanaofikia hali hiyo ni wachache kati ya wachezaji, basi tusimwite kila mtoto mgonjwa. Lakini kabla ya ugonjwa kuna mazoea. Mechi inayochezwa mtandaoni na mpinzani aliye mbali haisimami kwa sababu adhana ya magharibi imesikika. Akiiacha, anahesabiwa ameshindwa. Akiimaliza, sala ya jamaa imempita. China mwaka 2021 iliweka sheria kwamba walio chini ya miaka 18 wacheze mtandaoni saa moja tu, kuanzia saa mbili hadi saa tatu usiku, siku za Ijumaa, Jumamosi, Jumapili na sikukuu. Sisi hatuhitaji kungoja serikali itupangie, kwani tunayo ratiba ya sala tano iliyokwisha kuigawa siku yetu.

Basi tunawashauri ndugu zetu mambo yafuatayo.

Kwanza, mzazi akae na mwanawe na amwombe amwonyeshe anachocheza. Swali la kuuliza ni moja: humu ndani kuna kitu kinachouzwa ambacho hukijui mpaka ulipe? Kama kipo, amweleze kwa upole kwa nini hicho kisinunuliwe, na amwache aendelee na mchezo uliobaki. Katazo lenye maelezo hukaa moyoni. Katazo la ukali huishia mlangoni.

Pili, simu yenye fedha isiwe ndiyo simu ya mchezo, na namba ya siri ya kulipia iwe siri kweli. Mwezi Desemba 2022 kampuni ya Epic Games, wenye mchezo wa Fortnite, ilikubali kulipa dola milioni 520 huko Marekani. Kati ya hizo, milioni 245 zilikuwa za kuwarudishia walionunua bila kukusudia kutokana na jinsi vitufe vilivyopangwa. Ikiwa watu wazima walinaswa, mtoto atanusurika vipi?

Tatu, michezo ya mtandaoni isianzishwe wakati sala imekaribia.

Nne, wazee wa msikiti wawaendee wenye vibanda wa mtaani, ambao wengi wao ni vijana wetu, wawaombe waondoe kanuni ya aliyefungwa kulipa. Kila mchezaji alipe nusu yake kabla ya kuanza. Mwenye kibanda hapungukiwi kitu, na riziki yake itakuwa safi.

Tano, misikiti yetu isiwe mahali pa kukataza tu. Kijana anayeambiwa aache gemu yafaa aonyeshwe kiwanja cha mpira, maktaba, au hata baraza la bao pamoja na wazee. Atakayekuta nafasi tupu atairudia simu.

Ndugu wasomaji, jambo hili li ndani ya uwezo wetu. Ubelgiji ilihitaji tume na sheria. Sisi twahitaji baba, mama na imamu wanaojua wanachokizungumza. Mwenyezi Mungu atuwezeshe kuwalea watoto wetu kwa hekima, na azilinde nyumba zetu na kila mlango wa kamari, ulio wazi na uliojificha. Amin.