Mitindo Isitiwe Kapu Moja

Wako wakubwa, Bara na Visiwani, ambao kila kijana avaaye kinyume cha matarajio yao humwita mhuni. Jambo hili si geni. Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulipotangaza Operesheni Vijana, vimini, mawigi na suruali za kubana vilitiwa kapu moja kuwa ni utamaduni wa kigeni. Hata kabla ya amri kuanza kutumika tarehe 1 Januari 1969, wanawake walikwisha kushambuliwa na makundi ya vijana kwenye kituo cha mabasi Kariakoo. Visiwani nako bugaluu liliandamwa.

Anayetaka kuijua mitindo na aende soko la Mchikichini, ambalo wengi huliita Karume. Robota la mitumba likifunguliwa, mvaa mlegezo hagombei suruali na mvaa modo, wala fundi cherehani hawachanganyi: huyu ataka ibanwe mguuni, yule iachwe ilegee kiunoni. Huko Japani, katika mtaa wa Harajuku mjini Tokyo, wasichana wavaao mtindo uitwao Lolita nao wamegawanyika: wako wa mavazi meusi na wako wa rangi za waridi, kila kundi na kanuni zake, pengine kali kuliko za ofisini.

Hatusemi stara isichungwe. Lakini tofauti hizo ndizo riziki ya wachuuzi ambao soko lao liliteketea Januari 2022. Kabla ya amri nyingine ya mavazi kutiwa saini, wahusika na wawaulize mafundi hao ni vazi lipi hasa linalokatazwa.